Pedeli za Nyuma

Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Basi wahenga hawakumjua Candida. Binti huyu wa Kibosho aliyaficha ya kwake mwaka mzima, tena nyumbani kwa kaka yake, Mtaa wa Msimbazi, katika nyumba ambayo ukuta wa duka ndio ukuta wa chumba cha kulala, na mtu akipiga chafya ndani wateja humwombea afya wakiwa nje.

Jumamosi ile alasiri, hata hivyo, siri ilikuwa inamwasha mwili mzima. Alikuwa amesimama uani kwa Mzee Bushiri, muuza baiskeli kuukuu wa Mtaa wa Sikukuu, na hakujua aiweke wapi mikono yake. Mara aifunge kanga kiunoni, mara aifungue. Kila mwanamume aliyepita langoni alimdhania kuwa ni kaka yake Gaudens. Nyumbani alikuwa amemuaga wifi yake Severa kwamba anakwenda kununua uzi wa kushonea, na uzi haununuliwi alasiri nzima hata mtu awe na jicho la kuchagua namna gani.

"Candida," Ignasi alimwita bila kuinua kichwa. Alikuwa amechuchumaa kati ya baiskeli mbili ndefu, kidole kimoja kikipapasa mnyororo. "Njoo uone."

"Naona kutoka hapa."

"Huoni. Unatazama barabara."

Ignasi alikuwa kijana wa Peramiho, huko Songea, fundi wa mashine katika kiwanda cha nguo cha Barabara ya Morogoro, kiwanda kilekile ambako Candida alikuwa mkaguzi wa vitambaa. Mrefu, mpole, mtu wa kufikiri kwanza na kusema baadaye. Upole ule ndio uliomteka Candida, na ndio uliokuwa ukimpandisha hasira siku hizi. Mpango wao ulikuwa waoane, wapange chumba Magomeni, waende kazini pamoja. Mwaka ule mafuta yalikuwa yamepanda bei na mabasi yamekuwa ya kugombania kwa viwiko. Watu walifika kazini wamekwisha choka. Baiskeli mbili hawakuziweza. Baiskeli moja Candida hakuitaka.

"Nikae kwenye keria, miguu upande mmoja, nimeshika mkia wa shati lako?" alimwambia siku walipoligusia jambo hilo. "Mimi si gunia la mchele, Ignasi."

Ndipo Ignasi akasikia kwamba kwa Mzee Bushiri zimo baiskeli za watu wawili, zenye viti viwili na pedeli nne, tena si moja, ni mbili. Akaja mbio kumpa mpenzi wake habari, meno yote nje.

Ambalo Ignasi hakulijua ni hili: tiketi ya basi la Moshi la kesho asubuhi ilikuwa mfukoni mwa Gaudens, na haikuwa ya Gaudens. Candida alikuwa anapelekwa nyumbani kuonana na Onesphory, mwenye shamba la kahawa na lori lake mwenyewe. Alijua tangu Jumatatu. Siku zote hizo alionana na Ignasi kiwandani, wakala pamoja, wakataniana, na neno halikumtoka. Alijiambia kwamba anamngojea mwanamume aonyeshe uanaume wake, aende kwa Gaudens mwenyewe bila kusukumwa. Jibu hilo lilimridhisha kila alipokuwa kazini, likamkimbia kila alipoingia nyumbani.

"Hii ya buluu ndiyo ya maharusi," Mzee Bushiri alisema, akikipigapiga kiti cha nyuma. Alikuwa mzee wa Kirufiji, mnene, kofia imeegemea sikio. "Itazameni inavyong'aa. Fundi wangu alikata baiskeli mbili akaziunga zikawa moja. Bwana mbele, bibi nyuma. Na bibi hachoki, wallahi! Pedeli zake hazina mnyororo. Ni za kupumzishia miguu tu."

Candida aliliacha lango kwa mara ya kwanza. "Za kupumzishia miguu?"

"Ndiyo, mwanangu. Watu watakuona unakanyaga, kumbe umekaa zako."

"Kwa hiyo niudanganye mji mzima."

"Mji mzima unadanganya, binti. Wewe angalau utakuwa umekaa."

Ignasi alicheka. Akapitisha kidole kwenye ungio la fremu, chini ya rangi mpya, na kidole kikakwama. "Hapa pamechomelewa mara mbili, Mzee."

"Mara ya pili ilikuwa ya kuhakikisha."

"Na ile nyeusi?" Candida aliuliza.

"Ile?" Sauti ya mzee ilipungua sukari. "Ile ni ya Uingereza kweli. Bwana mmoja na mkewe, walimu, waliniuzia walipofunga mizigo kurudi kwao. Imekaa hapa tangu masika ya mwaka juzi. Kila mtu anaisifu, hakuna anayeinunua."

"Ina ubovu gani?"

"Haina ubovu. Ubovu uko kwa watu. Hiyo pedeli zote zimeshikana kwa mnyororo. Wa mbele akikanyaga, za nyuma zinazunguka. Wa nyuma akigoma, za mbele nazo zinagoma. Sasa niambie, mwanangu, hapa Kariakoo utawapata wapi watu wawili wanaotaka kwenda mahali pamoja, kwa mwendo mmoja, kila siku ya Mungu?"

Ignasi aliinua macho yakakutana na ya Candida. Candida aliyaona macho yale, moyo ukamruka, kisha akakumbuka basi la kesho na moyo ukarudi chini. Akageukia lango tena.

Ignasi akaanza kazi yake ya ufundi kwenye ile nyeusi. Aliinua gurudumu la nyuma akalizungusha, akalisikiliza. Akabana spoki mojamoja kwa vidole. Akakwaruza mnyororo kwa ukucha. Mbele palikuwa na mtalimbo wa kiume, nyuma fremu imeinama chini ili mwanamke mwenye gauni apande kwa heshima.

"Rimu ya nyuma inacheza kidogo," alimwambia Candida kwa sauti ya chini, wakiwa wamejitenga kando. "Spoki chache si za kwake. Kutu ni ya juujuu tu. Ni baiskeli nzima hii. Lakini ile ya buluu ni karibu nusu ya bei, na ikikatika naweza kuichomelea kiwandani."

"Rahisi ghali."

"Tukichukua nyeusi tumemaliza hela, Candida. Hatutapata kitanda."

"Tutalala kwenye mkeka."

Neno lilikuwa limekwisha toka. Ignasi alimtazama, na Candida akayashusha macho yake kwenye vumbi, mashavu yanamwaka. Mwaka mzima walikuwa wamezungumza habari za chumba, jiko la mkaa, hata pazia. Mkeka haukuwa umetajwa bado.

"Basi nyeusi," Ignasi alisema polepole.

"Nyeusi. Mwambie upesi."

"Mbona una haraka hivyo leo? Umeniharakisha tangu tulipokutana."

"Jua linaniumiza kichwa."

Mzee Bushiri alitaja shilingi mia tatu. Ignasi akafungua mdomo, akaufunga, akaanza kufikiri kama ilivyo kawaida yake. Pale pale mwanamume mmoja mwenye mwendo wa Gaudens, mabega mbele, akapita langoni. Candida hakungoja kuuona uso wake.

"Tupe kwa mia mbili na hamsini, Mzee, tuondoke."

"Nimekubali," alisema Mzee Bushiri, kabla hata Candida hajavuta pumzi.

Mtoto yeyote aliyekulia dukani, kama Candida kwa baba yake kule Kibosho, anajua kwamba muuzaji akikubali upesi hivyo, umekwisha liwa. Candida alijua. Lakini miguu ilikuwa inamwasha kuondoka, na aliyepita hakuwa Gaudens.

"Hela yenu sipokei kwanza," mzee aliendelea. "Baiskeli hii hainunuliwi kwa macho. Zungukeni nayo. Mkirudi na meno yenu yote tutafanya biashara. Kijana, niachie saa yako hapo."

Ignasi akavua saa.

Kuanza kulikuwa kichekesho. Ignasi alianza na mguu wa kulia, Candida wa kushoto; pedeli zikagoma, wakayumba, wakaegemea ukuta. Mara ya pili pedeli ikazunguka kabla Candida hajajiandaa, ikampiga kwenye muundi. Wachukuzi waliokuwa wamekaa kwenye mikokoteni yao wakasahau uchovu.

"Dada, hesabuni kwanza!"

"Kaka, mwulize anataka mguu gani! Mke haendeshwi hivyo!"

"Kulia," Candida alisema kwa meno. "Tunaanza na wa kulia, Ignasi."

"Kulia," Ignasi aliitikia.

Wakaondoka.

Jamani! Mwanzoni Candida alikaza mwili mzima, amefumba macho nusu. Halafu kitu kikabadilika. Baiskeli ikanyooka. Wakalizunguka soko jipya lililokuwa likijengwa, wakapenya katikati ya mikokoteni ya viazi na akina mama wa nazi, kengele ikilia, watu wakiruka pembeni na kupiga kelele kwamba garimoshi la Kigoma limeacha reli. Candida akacheka. Alicheka kicheko ambacho hakikuwa kimemtoka tangu Jumatatu. Mbele yake ulikuwa mgongo wa Ignasi, shati limelowa jasho, harufu ya sabuni na mafuta ya mashine. Na nguvu zake zilimfikia miguuni. Kila Ignasi alipokanyaga, Candida alimsikia kwenye nyayo zake, naye akakanyaga kumjibu. Hawakuwa wamewahi kushikana hata mikono hadharani, na sasa walikuwa wanapita katikati ya Kariakoo hivi, mchana, mbele ya watu wote. Alimpenda.

"Candida!" Ignasi alisema bila kugeuka. "Tupite Msimbazi."

"Msimbazi wapi?"

"Dukani kwa kaka yako. Nimwamkie."

Kicheko kilikatika. "Leo?"

"Mwaka mzima unaniambia bado. Ngoja Pasaka ipite, ngoja amalize kodi ya duka, ngoja wifi ajifungue. Wifi amejifungua, mtoto anatambaa. Leo nina shati safi na moyo umekubali."

"Ignasi, si leo."

"Lini, basi?"

Ignasi akakunja usukani.

Mtaa wa Msimbazi ukafunguka mbele yao. Candida aliuona ubao wa duka kwa mbali, rangi ya kijani, na magunia ya maharage mlangoni. Aliwaza uso wa Gaudens. Aliwaza mama yake, aliyekwisha ambiwa aanze kutengeneza mbege, pombe ya ndizi, ya kumpokea bintiye. Pedeli zikawa nzito. Zikawa nzito zaidi. Mwendo ukafa kabisa, baiskeli ikayumba, na Ignasi akalazimika kuweka mguu chini katikati ya njia. Mkokoteni uliokuwa nyuma yao ukakwepa kwa matusi.

Candida akashuka kwa kishindo.

"Nilijua!" alisema, machozi yanamlenga. "Nilijua utafika hapa uishiwe. Mdomo uko mbele, miguu iko nyuma! Mwaka mzima najiambia, siku moja ataamka aende akaseme na kaka yangu. Kumbe kona tu ya Msimbazi imekushinda. Si useme tu kwamba unamwogopa?"

"Namwogopa," Ignasi alisema. "Nani asiyemwogopa Gaudens? Lakini mimi sikuacha kukanyaga, Candida."

"Mbona imesimama?"

Ignasi alitazama chini tu, kwenye miguu ya Candida.

Candida naye akatazama. Kamba ya kandambili ya kulia ilikuwa imekatika. Vidole vya mguu vilikuwa bado vimejikunja, msuli wa shavu la mguu umekaza mpaka unauma. Aliiona tena pedeli ikipanda na unyayo wake ukiigandamiza irudi chini. Alikuwa ameigomea kwa nguvu zake zote. Hakuna aliyemlazimisha.

Aibu ilimpanda kutoka kwenye nyayo hizo hizo. Nani aliyesema ngoja Pasaka ipite? Nani aliyesema habari za kodi? Alikuwa amemwita mwenzake mwoga mwaka mzima, na mwoga alikuwa amekaa kiti cha nyuma.

"Kuna nini?" Ignasi aliuliza, sauti ya chini. "Niambie. Kuna kitu."

"Kesho nasafiri."

"Kwenda wapi?"

"Kibosho. Kuna mtu anaitwa Onesphory. Ana lori. Wameongea na kaka."

Ignasi alishika usukani kwa mikono yote miwili. "Tiketi imekatwa lini?"

"Jumatatu."

"Jumatatu tulikula mihogo pamoja nje ya geti. Ukaniambia nitafune polepole. Na leo umekuja kuchagua baiskeli na mimi. Umechagua nyeusi. Umesema tutalala kwenye mkeka."

"Nilikuwa nakungoja."

"Unaningojea nini?"

"Uende kwa kaka."

"Wewe ndiye uliyenikataza!"

"Nilitaka uende hata nikikukataza!" Candida alilia. "Hivi nyinyi wanaume hamjui?"

"Mimi ni fundi wa mashine, Candida. Nikiambiwa usiguse, sigusi." Alicheka, lakini kicheko hakikuwa na furaha, na macho yake yalikuwa mekundu. "Sasa nisikilize. Kwa Gaudens nitakwenda, hata akinitoa na mbwa. Ila siwezi kwenda kumwomba mtu ambaye mwenyewe hajasema anataka kuombwa. Ukiniambia niirudishe baiskeli, naenda kuirudisha sasa hivi. Sitakulaumu. Nitaumia, lakini sitakulaumu. Sema tu."

Kariakoo haikunyamaza kuwasubiri. Redio zilikuwa zinaimba, mwuza kahawa anagonga vikombe vyake, mtu mmoja anagombana na mwenziwe kwa ajili ya kuku. Candida alisimama katikati ya yote hayo, kandambili mbovu mguuni, akaona waziwazi namna kesho itakavyokuwa: dirisha la basi, migomba, mtu asiyemjua akimkaribisha kwenye lori. Na kiti cha nyuma cha baiskeli hii kikiwa na mwanamke mwingine, asiyegoma.

Akavua kandambili zote mbili akazitupa kwenye keria. Akaikaza kanga kiunoni kwa fundo la pili.

"Shuka huko mbele."

"Eti?"

"Nipishe nikae mimi."

"Mbele kuna mtalimbo, Candida. Na gauni hilo!"

"Maji ukishayavulia nguo, sharti uyaoge. Kaa nyuma. Usinisukume wala usinizuie. Mimi nikikanyaga, kanyaga."

"Unajua kuendesha?"

"Kwetu ni milima, Ignasi. Tulijifunzia kwenye mteremko."

Mtaa wa Msimbazi ulikuwa umeona mengi, lakini haukuwa umeona hili: binti wa watu, gauni juu ya magoti, miguu mitupu, amekaa kiti cha mbele cha baiskeli ndefu nyeusi, na kijana mrefu nyuma yake akikanyaga kwa adabu. Mafundi cherehani waliacha kushona. Severa, aliyekuwa mlangoni na mtoto kiunoni, akaweka kiganja mdomoni.

Gaudens alikuwa anapima maharage. Kata ikaganda hewani.

"Shikamoo, kaka," Candida alisema.

Gaudens hakuitikia. Alitazama magoti, akatazama baiskeli, akatazama mtu aliyekaa nyuma, kisha akarudi kwenye magoti.

"Uzi ulikuwa mbali sana, naona."

"Sikwenda kununua uzi, kaka. Nilimdanganya wifi. Na wewe nimekudanganya mwaka mzima." Sauti ilimtetemeka, akaiacha itetemeke. "Kesho sisafiri. Huyu ni Ignasi Komba, tunafanya kazi pamoja, ni mtu wa Peramiho. Ndiye ninayemtaka. Hakunituma, wala hakunileta. Nimemleta mimi."

"Shikamoo, kaka," Ignasi alisema kutoka nyuma.

"Kijana, huoni haya? Unabebwa na mwanamke mchana kweupe?"

"Sibebwi, kaka. Nakanyaga. Hii hata wa nyuma akigoma haiendi."

"Peramiho," Gaudens alisema, na neno likazunguka mdomoni mwake kama kitu kisichoiva vizuri. "Candida, unajua Peramiho ni wapi? Mbege ikitoka nyumbani kuja kwa wakwe itafika siki! Na Desemba, watu wote wanapanda kwenda Kibosho, wewe utakuwa unashuka kwenda wapi?"

"Mwaka huu nitapanda. Mwaka ujao nitashuka."

"Ndugu, maharage yangu," alisema mteja.

"Subiri!" Gaudens aliitupa kata ndani ya gunia. "Na baiskeli hii ni ya nani?"

Candida alimeza mate. "Bado ni ya Mzee Bushiri. Tunaijaribu."

"Mmekuja kunitangazia ndoa kwa baiskeli ya watu!"

Wateja wakacheka, na Severa naye, ingawa alijifanya anamfuta mtoto pua. Gaudens hakucheka. Alizunguka meza ya duka akatoka nje, na kwa kuwa damu ya biashara ni damu ya biashara, mkono ukaenda wenyewe kwenye tairi ukalibonyeza, kisha kwenye rimu ya nyuma ukaitikisa.

"Kiasi gani?"

"Mia mbili na hamsini."

"Alianzia ngapi?"

"Mia tatu."

"Ukataja wewe hiyo mia mbili na hamsini, akakubali palepale." Candida aliinamisha kichwa. "Candida! Binti uliyelelewa dukani! Hii haivuki mia na themanini, mnyororo una kutu, rimu inacheza. Nani alikuwa anakukimbiza?"

"Wewe, kaka. Nilikuwa naogopa utapita."

Gaudens aliuondoa mkono wake kwenye rimu. Tangu baba yao alipofariki, yeye ndiye aliyemsomesha Candida, yeye ndiye aliyemleta mjini na kumtafutia kazi. Alikuwa anajua kwamba anaheshimiwa, na heshima hiyo alikuwa akiipenda. Lakini kumwona mdogo wake, aliyembeba mgongoni kumpeleka zahanati kila alipougua, amesimama mbele yake miguu mitupu na kutetemeka hivyo, hilo hakuwa amelipangia.

Kisha akaingiza vidole mfukoni mwa shati akatoa tiketi. Akailaza juu ya gunia la maharage, akainyoosha mikunjo yake kwa kiganja.

"Sijakubali," alisema. "Wote mliopo hapa mnisikie vizuri. Sijakubali."

"Ndiyo, kaka."

"Ila hii nimeilipia, na mimi sina desturi ya kutupa hela. Kesho nitapanda mimi. Mama nitamwambia mwenyewe. Na kwa kina Onesphory nitakwenda na jani la sale mkononi, niwapigie magoti, niombe radhi. Mimi ndiye niliyewapa neno. Aibu hiyo si ya kubebwa na mtoto wa kike."

Candida aliyajua majani hayo. Kwao mtu mzima hashiki sale isipokuwa amekosa kosa kubwa, na hakuwa amewahi kumwona kaka yake akimpigia mtu magoti. Machozi yakamwagika yenyewe, na hakuwa na mkono wa kuyafutia kwa sababu yote miwili ilikuwa imeshika breki.

"Kaka..."

"Usinililie mbele ya wateja. Mwambieni Bushiri mia na themanini, mwambieni Gaudens ndiye aliyesema. Na Ijumaa nikirudi nataka niwakute wazee wake wamekaa pale ndani. Wazee, nimesema. Si yeye na baiskeli."

"Na mama akikataa?" Candida aliuliza.

"Atakataa." Gaudens aliichukua kata, akaiangalia, akairudisha tena. "Atakataa siku ya kwanza, hata maji hatanipa. Siku ya pili atakataa vilevile. Siku ya tatu ataniuliza kama huyo kijana anakula ndizi. Sasa mimi nitamjibu nini?"

Swali hilo hakumwuliza Candida. Alikuwa anamtazama Ignasi, usoni, kwa mara ya kwanza.